Mzazi amemaliza dripu za saratani: mwongozo kamili wa kumtunza nyumbani Kigoma

Dripu ya mwisho ikishaisha, familia hupumua. Ndugu wanapiga simu kutoa hongera, mama anapandishwa basi kurudi Kigoma, na wiki ya pili tu nyumbani homa inapanda usiku. Anapewa panadol alale, asubuhi hajitambui.

Kosa hilo linajirudia mno, na linaua watu ambao matibabu yao yalikwenda vizuri. Dawa za kemo, yaani hizo za dripu, hufanya kazi yake mbaya kwa kuchelewa: wakati mnaposherehekea, damu ya mzazi wako ndiyo kwanza inashuka. Mwongozo huu unaanzia siku ya kuondoka hospitali, iwe Bugando kule Mwanza au Ocean Road Dar es Salaam, na kwenda hadi mwaka wa kwanza nyumbani. Kama daktari wake amekupa maelekezo tofauti na haya, fuata ya daktari, maana yeye analijua faili.

## Vitu vya kuwa navyo kabla mgonjwa hajafika

- Kipimajoto cha betri kimoja, pamoja na betri ya akiba. Hiki ndicho cha kwanza kununua, hata kama pesa ni kidogo.
- Daftari la kurasa 96 na kalamu iliyofungwa humo kwa uzi.
- Glavu za mpira, boksi moja.
- Ndoo yenye koki na sabuni ya kunawia, ikae pale mgeni anapoingilia.
- Chandarua chenye dawa kisicho na tundu.
- Mswaki laini, chumvi na, ikipatikana, bikaboneti ya soda.
- Pakiti 6 za ORS.
- Mzani, au uhakika wa kituo cha karibu kitakachompima uzito kila wiki.
- Tochi au taa ya sola ya kwendea chooni usiku.
- Akiba ya nauli ya dharura, pamoja na namba za madereva wawili wa bodaboda au bajaji wanaopokea simu usiku. Wawili, kwa sababu mmoja atakuwa amezima.

## Hatua ya 1: Usiondoke hospitali bila karatasi

Faili kubwa linabaki hospitali. Akiugua Kasulu, Uvinza au Buhigwe, daktari wa pale hana njia ya kujua alipewa nini. Kwa hiyo omba muhtasari wa matibabu ulioandikwa na kugongwa mhuri. Uwe na mambo haya:

- jina la saratani na hatua iliyokuwa imefikia;
- nakala ya majibu ya nyama, yaani kinyama kilichopimwa maabara;
- majina ya dawa zote za dripu, dozi, idadi ya mizunguko na tarehe ya dripu ya mwisho;
- kama alipata mionzi au upasuaji, wapi na lini;
- dawa za kuendelea nazo nyumbani;
- tarehe ya kurudi kliniki.

Majina ya dawa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Doxorubicin inaweza kudhoofisha moyo hata baada ya miaka. Cisplatin hugusa figo, masikio na mishipa ya fahamu. Paclitaxel na vincristine huacha ganzi. Daktari atakayemwona miaka mitano ijayo atahitaji kuyajua hayo.

Kisha uliza maswali matatu, uandike majibu mbele ya aliyekujibu. Nimpigie nani akipata homa usiku? Kipimo cha FBP, kinachohesabu chembe za damu, kirudiwe lini, na naweza kukifanya Kigoma na kutuma picha ya majibu kwa simu? Je, matibabu yameisha kabisa, au kuna mionzi, upasuaji au vidonge vinavyofuata?

Swali la mwisho linasahaulika sana. Wapo wazazi wengi ambao kwao kemo ilikuwa kipande kimoja tu cha safari.

Piga picha kila karatasi na umtumie ndugu mwingine. Karatasi zenyewe ziwekwe kwenye mfuko wa nailoni, mahali ambapo kila mtu mzima nyumbani anapajua.

Utajua umefaulu: mtu asiyemfahamu kabisa mzazi wako anaweza kusoma karatasi yako na kujua ana saratani gani, alipewa nini na lini.

## Hatua ya 2: Safari ya kurudi

Njia ya Mwanza kwenda Kigoma ni ndefu, na Dar ni mbali zaidi. Ikiwezekana alale walau usiku mmoja baada ya dripu, kutapika kutulie ndipo msafiri. Dawa za kuzuia kutapika ziwe mkononi mwako, zisiwe kwenye begi lililo chini ya basi.

Saratani na kukaa muda mrefu bila kujongea vyote viwili huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Kila kituo basi linaposimama, mshushe atembee. Akiwa kitini azungushe vifundo vya miguu kila baada ya muda, na anywe maji. Wengi hujinyima maji wasisumbue wenzao kwa haja ndogo, mwambie asijinyime. Avae barakoa, akae dirishani.

Jueni pia hospitali zilizo njiani, kama Kibondo na Kasulu, ili likitokea jambo mshuke hapo badala ya kuvumilia hadi mjini.

## Hatua ya 3: Saa 48 za kwanza

Kwa takriban siku mbili baada ya dripu, mabaki ya dawa hutoka kwa mkojo, kinyesi, matapishi na jasho. Baadhi ya dawa hukaa hadi siku 7, kwa hiyo uliza kuhusu zake.

1. Anayesafisha matapishi, mkojo au shuka zilizochafuka avae glavu, na akizivua anawe kwa sabuni. Mjamzito asifanye kazi hiyo.
2. Choo cha kuvuta: funika, vuta maji mara mbili. Choo cha shimo: mgonjwa akae badala ya kusimama ili mkojo usirukeruke, mwage maji pembeni mwa tundu, kisha funika.
3. Nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake, mara mbili, kwa sabuni. Zikisubiri kufuliwa zikae kwenye mfuko uliofungwa.
4. Kwa wenye ndoa, kondomu itumike kwa muda huo. Ni jambo la kuambiwa waziwazi, hata kama ni mzazi. Ukiona aibu mwombe muuguzi amwambie kabla hamjaondoka.

Hapa watu hupitiliza upande wa pili. Saratani haiambukizi. Mjukuu anaweza kumkumbatia bibi, kula naye na kulala chumba kimoja naye. Kumtengea mama sahani na kikombe chake kama mwenye ukoma ni ukatili usio na sababu, na wapo wazazi walioacha kula kwa sababu ya hilo.

## Hatua ya 4: Siku ya 7 hadi ya 14, na homa

Hii ndiyo hatua ya kusomwa mara mbili.

Kemo huua seli zinazogawanyika kwa kasi. Saratani ni hizo, lakini uroto wa mifupa unaotengeneza damu nao umo. Chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu kwa kawaida hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, kisha huanza kupanda. Wengi hurudi karibu na kawaida wiki ya tatu au ya nne. Katikati hapo, bakteria wa kawaida tu wa mdomoni au tumboni wanaweza kuingia kwenye damu na kumuua mtu ndani ya saa chache.

Andika kwenye daftari tarehe ya dripu ya mwisho, hesabu siku, zungushia duara siku ya 7 hadi ya 14.

### Kupima

Pima joto asubuhi na jioni kila siku hadi siku ya 28, na wakati wowote akisema anasikia baridi. Asiwe amekunywa chai muda huohuo. Kipimajoto kikae chini ya ulimi, mdomo umefungwa, hadi kilie. Kama mdomo una vidonda pima kwapani, lakini kumbuka kwapa husoma chini kidogo.

Homa ni 38 mdomoni au 37.5 kwapani. Usipime njia ya haja kubwa, wala asiwekewe dawa huko. Mchubuko mdogo tu hapo ni mlango wa bakteria.

### Homa ikiwepo

1. Usimpe panadol kwanza. Itashusha joto, mtajiona salama, na maambukizi yataendelea chini kwa chini. Mkifika hospitali joto likiwa 37, mtaambiwa mrudi nyumbani.
2. Piga namba mliyopewa, na wakati huohuo anzeni kuondoka. Msisubiri papambazuke.
3. Nendeni hospitali yenye maabara ya damu na dawa za mshipa. Walio mjini, Ujiji na Mwandiga wana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Walio mbali waanzie hospitali ya wilaya. Duka la dawa si mahali pa homa hii.
4. Pale mapokezi sema hivi, bila kuzunguka: "Huyu ni mgonjwa wa saratani. Dripu yake ya kemo ya mwisho ilikuwa tarehe fulani. Ana homa ya 38. Chembe nyeupe zinaweza kuwa chini. Tunaomba aonwe kama dharura." Toa karatasi.
5. Anachohitaji ni FBP, damu ya kuoteshwa maabara kutafuta bakteria ikiwezekana, na antibayotiki ya mshipa ndani ya saa moja tangu kufika.

### Na malaria je?

Kigoma malaria ni nyingi, na hapo ndipo watu hukwama. Apimwe, ndiyo. Majibu yakiwa hasi, msirudi nyumbani, maana homa bado haina jina. Yakiwa chanya, atibiwe malaria, lakini hilo halizuii kuwa na bakteria kwenye damu pia. Uliza kwa heshima: "Daktari, FBP inasemaje kuhusu chembe nyeupe?" Swali hilo moja limeokoa wengi.

Jua pia kwamba mzee sana, au mtu anayetumia prednisolone (dawa ya steroidi), anaweza kuwa na maambukizi makali bila joto kupanda. Akitetemeka, akichanganyikiwa, akipumua haraka au akilegea ghafla, nendeni hata kama kipimajoto kinasema 36.8.

### Kuzuia

Maji ya kunywa yachemshwe. Kachumbari na mboga mbichi zisubiri wiki ya tatu ipite, na matunda yaoshwe na kumenywa, yasiletwe yakiwa yamekatwa sokoni. Mayai yaive hadi kiini kiwe kigumu. Samaki na nyama viive hadi ndani. Maziwa yachemshwe, mtindi wa kienyeji usubiri. Asali isiyochemshwa, hata ile nzuri ya Tabora anayoletewa na wageni kama zawadi ya mgonjwa, iwekwe kabatini hadi damu ipande.

Mwenye mafua au kikohozi amsalimie kwa simu. Wengine wote wanawe mikono. Alale ndani ya chandarua kila siku, mvua na kiangazi.

Utajua umefaulu: mmefika siku ya 28, daftari lina joto la kila siku, na FBP imerudi pazuri. Kama aliwahi kulazwa lakini akafikishwa mapema, hilo nalo ni kufaulu.

## Hatua ya 5: Mdomo, halafu chakula

Anza na mdomo, kwa sababu chakula kizuri hakiliwi na mdomo wenye vidonda.

Chemsha lita moja ya maji, yapoe, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha bikaboneti. Usitumie magadi wala unga wa kuumulia keki. Bikaboneti ikikosekana, chumvi peke yake inatosha, na ya Uvinza ni chumvi kama nyingine. Asukutue baada ya kila mlo na kabla ya kulala, ateme, asimeze. Tengeneza mapya kila siku. Dawa za kusukutua za dukani zenye spiriti zinaunguza, ziacheni. Utando mweupe ulimini unaoacha wekundu ukikwanguliwa ni fangasi, unahitaji dawa ya hospitali.

Ladha ya chuma mdomoni hukaa wiki kadhaa, mara nyingi hadi miezi 2 au 3. Mpe kijiko cha mbao au plastiki. Harufu ikimkera, chakula kilichopoa kinanuka kidogo kuliko cha moto. Matone ya limau husaidia, ila si kwa mdomo wenye vidonda.

Sasa protini. Mtu anayejijenga upya anahitaji takriban gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mama wa kilo 60 anahitaji gramu 72 hadi 90. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, kikombe cha maziwa 8, karanga gramu 30 zina 7 au 8. Uji mtupu na chai ya rangi, ambavyo ndivyo wagonjwa hupewa zaidi, karibu havina kitu.

Kigoma tuna bahati ya dagaa. Unga wa dagaa ndio njia rahisi ya kumlisha mtu asiye na hamu:

1. Chagua dagaa wakavu, toa vichwa na kokoto. Wakiwa wameanikwa mchangani, waoshe kwa maji moto mara mbili tatu hadi maji yatoke bila mchanga chini ya sufuria.
2. Waanike juani kwenye sinia safi lililofunikwa wavu hadi wakauke kabisa.
3. Wakaange bila mafuta, moto mdogo, ukigeuza, hadi dagaa avunjike kwa kubanwa na vidole viwili. Akipinda bila kuvunjika, hajawa tayari na unga utaota ukungu.
4. Twanga au saga, chekecha, hifadhi kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Tengeneza kidogo, wa wiki moja au mbili.

Vijiko viwili vya chakula vya unga huu vina takriban gramu 10 za protini. Changanya kwenye mchuzi, mboga au viazi vilivyopondwa. Kwenye uji weka kidogo uone kama ataukubali, wengine harufu inawashinda. Kwa nguvu, ongeza kijiko cha mawese kwenye maharage au kisamvu. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120, na kwa mtu anayekula vijiko vitano tu kila mlo hiyo ni tofauti kubwa.

Mpe kidogo mara sita kwa siku badala ya sahani kubwa mara mbili. Usimsimamie na kumhesabia matonge. Weka chakula karibu naye, kaa ule naye.

Pima uzito kila wiki, siku ileile. Kupungua zaidi ya asilimia 5 kwa mwezi, yaani kilo 3 kwa mtu wa kilo 60, ni sababu ya kumpigia daktari. Kwa mwenye saratani ya umio, yaani mrija wa chakula, chakula kikianza kukwama tena, usiendelee kulainisha uji na kungoja. Njia inaweza kuwa imeziba na inahitaji kutanuliwa.

Akihara, ORS: pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Haja ikizidi ya kawaida kwa mara 4 au zaidi ndani ya siku moja, au akitapika zaidi ya saa 24, nendeni hospitali.

## Hatua ya 6: Uchovu

Uchovu wa kemo haumalizwi na usingizi. Mzee aliyekuwa akilima heka mbili anamaliza kuoga na anahitaji kulala. Majirani wanasema amekuwa mvivu, au mbaya zaidi, kwamba ugonjwa umerudi. Kwa wengi hupungua taratibu kwa miezi 3 hadi 12.

Kwanza hakikisha hakuna kinachotibika: upungufu wa damu, maumivu yanayomnyima usingizi, huzuni, kutokula. Kisha, na hili linawashangaza wengi, dawa iliyothibitika zaidi ni kutembea.

Aanze dakika 5 hadi 10 asubuhi jua halijawa kali na tena jioni. Kila wiki ongeza dakika 5. Lengo ni nusu saa, siku 5 kwa wiki. Kipimo ni kwamba awe anaweza kuongea akitembea lakini asiweze kuimba. Siku mbaya apunguze, asiache. Usingizi wa mchana usizidi dakika 30 hadi 45, na uishe kabla ya saa tisa.

Kifua kikibana, kizunguzungu kikija au pumzi ikimpotea kwa hatua chache, aache na aonwe. Kwa aliyepewa doxorubicin, miguu yote miwili kuvimba na kushindwa kulala chali bila kukosa pumzi ni dalili za moyo, hata ikiwa miaka imepita.

## Hatua ya 7: Ganzi ya mikono na miguu

Ganzi, kuchomachoma au hisia ya kukanyaga pamba hutokana na dawa kama paclitaxel, docetaxel, vincristine, cisplatin na oxaliplatin. Kwa mbili za mwisho inaweza kuongezeka kwa miezi 2 au 3 baada ya dripu kwisha. Watu hudhani ni saratani imeingia kwenye mishipa. Kwa kawaida ni dawa, lakini mwambie daktari.

Hatari kubwa nyumbani ni kuungua na kuanguka:

- Maji ya kuoga yajaribiwe kwa kiwiko, na mtu mwingine.
- Asiote miguu jikoni, asikandwe kwa chupa ya maji moto.
- Viatu vilivyofunika vidole vyenye soli ngumu. Ndala humtoka mguuni bila kujua.
- Kila jioni kagua nyayo zake kwa tochi. Mwiba asiousikia leo ni kidonda wiki ijayo.
- Choo kikiwa nje, apewe ndoo yenye mfuniko ndani usiku, au aamshe mtu. Ni rahisi kuanguka hapo na kuvunjika nyonga.
- Oxaliplatin: maji ya friji na soda baridi humchoma koo na vidole, apewe vya kawaida.

Ikiwa inauma hasa, daktari anaweza kumwandikia amitriptyline au duloxetine. Usimnunulie diclofenac. Haisaidii ganzi, na inaweza kuumiza figo zilizokwisha kuguswa na cisplatin.

## Hatua ya 8: Nywele, kucha, kusahau

Nywele huanza kuota tena wiki 3 hadi 6 baada ya dripu ya mwisho, zikiwa laini, pengine za rangi nyingine. Dawa za kulainisha na rangi zisubiri angalau miezi 6. Kucha zenye mistari au weusi husukumwa nje taratibu: za mikono miezi kama 6, za miguu mwaka au zaidi.

Kusahau majina, kupoteza alichotaka kusema na kushindwa kufuata mambo mawili kwa pamoja ni kawaida kwa miezi kadhaa. Usimcheke mbele ya watu. Mwandikie ratiba kubwa ukutani. Akipotea njia anayoijua, au kichwa kikimuuma sana na kutapika, hiyo si ya kusubiri.

## Hatua ya 9: Dawa zinazoendelea, na zile za pembeni

Tamoxifen, kwa saratani za titi zinazofuata homoni, hunywewa miaka 5, wakati mwingine hadi 10. Anayeiacha kwa sababu anajisikia mzima anaongeza uwezekano wa saratani kurudi. Nunua kabla haijaisha; usisubiri kidonge cha mwisho, kwani Kigoma unaweza kuzunguka maduka manne bila kuipata. Akitokwa damu ukeni akiwa anaitumia, apimwe. Prednisolone haikatwi ghafla. ARV haziachwi hata siku moja. Akipewa morfini ya maji, apewe na dawa ya kulainisha choo.

Mitishamba italetwa, na atakayeileta anampenda. Usigombane naye. Shida ni kwamba ini na figo za mzazi wako zimechoka, na dawa isiyojulikana kipimo inaweza kuzimaliza. Sema tu: "Asante sana, tutamuuliza daktari kwanza," kisha kweli uulize. Macho yakiwa ya njano au mkojo rangi ya Coca-Cola, acheni kila kisichoandikwa na daktari na nendeni hospitali.

Kwa familia zenye ndugu ng'ambo ya ziwa, au Burundi: chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai. Asichomwe ili apate kadi ya kuvukia mpaka. Ingoje si chini ya miezi 3 baada ya kemo, tena kwa idhini ya daktari wake.

## Hatua ya 10: Moyo wake, na wageni

Wengi hulia baada ya matibabu kuliko wakati wa matibabu. Akiwa hospitali kulikuwa na wauguzi, ratiba, wenzake wa wodini. Nyumbani kuna ukimya, na swali la kila mgeni: "Umepona kabisa?" Hana jibu, na daktari pia hajampa, kwa sababu linahitaji muda na vipimo.

Mpe jibu la kuwaambia watu: "Nimemaliza dawa, naendelea na kliniki." Linatosha. Panga saa za wageni, mfano kuanzia saa kumi jioni hadi saa kumi na mbili, na mtu mmoja wa nyumbani awe na ruhusa ya kusema, "Mama anapumzika sasa."

Usimnyang'anye kazi zote. Achague mchele, apange hesabu za duka, amsimamie mjukuu daftari. Baba aliyekuwa akiamua mambo ya nyumba aendelee kuulizwa. Akikosa usingizi, akikataa chakula na watu kwa zaidi ya wiki mbili, au akisema bora afe, mpeleke kwa daktari kama unavyompeleka kwa homa.

Na anayemtunza apokezane na wengine. Andikeni zamu kwenye daftari lilelile, pamoja na nani analipa nini, kabla maneno hayajaanza.

## Hatua ya 11: Kliniki ya ufuatiliaji

Mpangilio wa kawaida ni kila miezi 3 kwa miaka 2 ya kwanza, kila miezi 6 hadi mwaka wa 5, kisha mara moja kwa mwaka. Hospitali yake inaweza kupanga tofauti. Familia nyingi huacha baada ya safari ya pili kwa sababu ya nauli na kwa sababu mgonjwa anaonekana mzima. Saratani inayogunduliwa ikirudi mapema mara nyingi ina la kufanyiwa.

Mwezi mmoja kabla ya tarehe: kagua kama bima iko hai, ulizia kama barua ya rufaa inahitaji kuandikwa upya, anza kuweka nauli. Kama hamna uwezo, afisa ustawi wa jamii wa hospitali ndiye wa kumwona, tena kabla ya deni badala ya baada yake. Wiki moja kabla, toa kwenye daftari uzito, homa na malalamiko, uyaandike kwenye ukurasa mmoja. Daktari ana dakika chache, na ukurasa huo utazitumia vizuri.

Msisubiri tarehe mkiona uvimbe mpya, maumivu ya sehemu ileile yasiyoisha kwa wiki mbili, kikohozi kisichoisha, uzito kushuka bila sababu, au damu ukeni kwa mama aliyekwisha koma hedhi.

Na haya ni ya siku hiyohiyo, saa hiyohiyo:

- mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kuchoma na pumzi kukata ghafla;
- damu puani isiyokoma kwa dakika 10, madoa mekundu madogo mengi kwenye ngozi, au choo cheusi kama lami;
- kutopata mkojo karibu siku nzima;
- maumivu makali ya mgongo pamoja na miguu kulegea, ganzi kiunoni au kushindwa kuzuia haja. Uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa, hasa kwa saratani ya titi na ya tezi dume. Akitibiwa mapema ana nafasi ya kutembea tena. Miguu ikishapooza kabisa, mara nyingi hairudi.

Nakili orodha hii ya mwisho kwa herufi kubwa, uibandike nyuma ya mlango wa chumba chake pamoja na namba za simu, na umsomee kila anayelala nyumbani humo, hata mtoto wa darasa la tano. Siku moja yeye ndiye anaweza kuwa peke yake na bibi.